Kabla Hujapamba Chupa, Uliza Imetoka Wapi

 

Tangu niweke hapa picha za chupa zangu za katani na kitenge, inboksi imejaa swali moja tu: "Dada, hizo chupa unazipata wapi kwa bei rahisi?" Wachache wanauliza gundi. Wengine wanauliza kama nafundisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza chupa zilikuwa na nini kabla hazijafika kwangu. Leo nataka niongelee hilo, na najua kuna watakaonuna. Wanune tu.

Msimamo wangu ni huu. Kwa sisi tunaoishi ukanda wa dhahabu, chupa usiyojua asili yake haifai kupambwa na kuuzwa, hata ukipewa bure, hata iwe na shepu nzuri namna gani. Mtu wa Iringa akiokota chupa ya mdomo mpana jalalani, pengine ilikuwa ya jamu. Huku kwetu inaweza kuwa ya jamu, na inaweza kuwa ya zebaki.

Kwanza niseme biashara yenyewe ipo, msiidharau. Chupa ya mayonezi ambayo muuza chipsi anaitupa, ukiiosha vizuri, ukaizungushia kamba ya katani na kipande cha kitenge, ni kitu cha kuuzika. Wanaonunua ni watu wa sendofu na kicheni pati, wanataka za kupanga mezani na maua. Wananunua wenye lodge, wanaweka sukari, vijiti vya meno, majani ya chai. Saluni wanaweka pamba na vibanio. Ila mteja wangu ninayempenda kuliko wote ni muuza asali.

Asali yetu ya Bukombe na Ushetu ni nzuri, lakini angalieni inavyouzwa. Imo kwenye chupa ya maji iliyokwishatumika, kibandiko cha maji bado kipo, kifuniko kinanata. Asali hiyohiyo ukiiweka kwenye chupa ya kioo safi, yenye katani shingoni na kofia ya kitenge juu ya kifuniko, mtu anainunua ampelekee mama mkwe. Tena tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wateja wamezoea kulipia kifungashio, hawashangai tena. (Nikiwa hapohapo, nyie wauza asali: asali ni nzito kuliko maji. Chupa ya nusu lita ikijaa asali inabeba kama gramu 700. Ukiandika "nusu kilo" unajipunja mwenyewe. Pima kwa mizani.)

Sasa hapo ndipo hatari inapoingia, maana cha kwenye chupa ya asali kinaliwa. Na usijidanganye kwamba wewe unauza za maua tu. Mteja akifika nyumbani, maua yakikauka, ile chupa inahamia jikoni. Inawekwa chumvi, inawekwa samli, inawekwa unga wa uji wa mtoto. Huna mamlaka jikoni kwa mtu.

Nitawaambia kilichotokea. Miezi kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea kiroba cha chupa, nyingi za rangi ya kahawia, nene, zenye vifuniko vizuri vya kusokota. Anataka mia kwa kila moja. Mia! Mimi huwa nanunua kwa mia mbili hadi mia tatu. Nikamuuliza amezitoa wapi. Akasema, "Kule mwaloni, dada, zinatupwa tu." Mwalo wa kuoshea mawe huo, si wa samaki. Nikamfunga kiroba chake vilevile, nikamwambia azirudishe alikozitoa.

Hakuzirudisha. Wiki tatu baadaye nikaziona gulioni, zimepakwa rangi ya dhahabu, zimefungwa utepe mwekundu, na mbili zina samli ndani. Nilizitambua kwa maandishi ya kwenye kitako. Nikamvuta pembeni yule mama anayeziuza, nikamwita mayu kwa heshima maana ananizidi umri mbali, nikamweleza taratibu. Akanijibu kwa sauti, wateja wake wasikie: "Mwanangu, sema tu unaogopa ushindani. Nimezichemsha kwa sabuni ya unga, si unaona zinavyong'aa?"

Kuchemsha. Hili ndilo jibu ninalopewa na karibu kila mtu, kwa hiyo nikae hapa kidogo.

Wengi wetu tumekulia huku, tunaijua kazi. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, kisha inawekwa zebaki ili ikamate dhahabu. Inakamuliwa kwenye kitambaa, halafu linalobaki linachomwa mpaka dhahabu ibaki peke yake. Ile zebaki tunayosema "imeungua" haijaungua kitu. Imegeuka mvuke, imeingia hewani, na imeingia kwenye mapafu ya aliyesimama karibu.

Zebaki iliyobaki ndani ya chupa ni ileile. Haiyeyuki kwenye maji kama sukari au chumvi. Ni nzito ajabu: lita moja ya maji ina kilo moja, lita moja ya zebaki ina zaidi ya kilo 13. Kwa hiyo vitone vyake, vingine vidogo kuliko kichwa cha pini, vinakaa kwenye mkunjo wa kitako au kwenye mizunguko ya kifuniko, na maji yako ya sabuni yanapita juu yake. Hata bila moto, kwenye joto la kawaida la chumba, inatoa mvuke usio na rangi wala harufu. Ukiitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, mvuke unaongezeka. Tena uko jikoni, dirisha dogo, mtoto mgongoni. Halafu sufuria ileile jioni inapikiwa ugali.

Kung'aa kwa kioo hakuna uhusiano wowote na usalama wake. Zebaki yenyewe inang'aa kuliko kioo.

Shirika la Afya Duniani limeiweka zebaki kwenye orodha ya kemikali 10 zinazotia wasiwasi mkubwa kwa afya ya jamii. Inaharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, kumbukumbu inapungua, na mtu anaanza kusema karogwa. Kwa mama mjamzito mvuke wake ukishaingia mwilini unamfikia mtoto tumboni. Kule Japani kuna mji unaitwa Minamata, kiwanda kilimwaga maji yenye zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa wao ukatambuliwa rasmi. Ndiyo maana mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki unaitwa Mkataba wa Minamata. Ulipitishwa mwaka 2013, na nchi yetu iliuridhia mwaka 2020. Lakini mkataba hauji mlangoni kwako kukagua kiroba cha chupa. Pale mlangoni mkaguzi ni wewe.

Na si zebaki peke yake. Kuna tindikali ya kusafishia dhahabu, na hiyo hupenda kukaa kwenye chupa nene za kahawia kama zile alizoniletea kijana. Kuna sayanaidi ya kwenye marudio, hiyo sitaki hata kuieleza, mnaijua. Chombo chochote kilichotoka eneo la uchenjuaji kinabaki kuwa chombo cha uchenjuaji. Hakuna rangi wala utepe wa kukibadilisha.

Niongeze kitu ambacho wapambaji wengi hawakifikirii. Siku hizi fasheni ni kuvisha chupa gunia, lile la nyuzi. Linapendeza, sikatai. Lakini magunia na mazulia ndiyo yanayotandikwa mwaloni kunasa dhahabu, na vitambaa ndivyo vya kukamulia. Nimeshauziwa hoja ya "gunia la bure lipo, likate tu". Gunia la bure la wapi? Nunua jipya dukani, au chukua la nafaka kwa mtu wa mchele unayemjua, lifue, lianike.

Nisieleweke vibaya, siwalaumu wachimbaji. Mjini kwetu hela inazunguka kwa sababu yao. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019, Geita ikiwemo, mtu anauza dhahabu yake asubuhi, mchana yuko dukani. Duara likitema, hata mimi muuza chupa najua, maana harusi zinafuatana. Ombi langu kwao ni moja: wewe mwenye mwalo au plant, usiache vyombo vya dawa vizagae nje. Anayekuja kuviokota si mhandisi. Ni mtoto wa darasa la nne anayetafuta hela ya daftari.

Haya, chupa salama zinapatikana wapi sasa?

Kwa watu wanaokula. Wauza chipsi wanamaliza mayonezi kila siku. Hoteli na lodge zinamaliza jamu. Majirani wana chupa za kahawa na za achari chini ya kabati. Mimi nimezungumza na watu wachache, nimewapa kila mmoja kiroba chenye jina lake, napita mara moja kwa wiki. Nalipa pale pale, sipendi kuchukua bure, maana mtu ukimlipa mia mbili anakuwekea vizuri na kifuniko chake.

Sharti langu ni kwamba nachukua chupa ikiwa bado na kibandiko chake. Wao huwa wanataka kunisaidia, wanaibandua, nakataa. Kibandiko ndicho cheti cha kuzaliwa cha chupa. Nataka nione "mayonezi", na nikifungua ninuse mayonezi. Lakini kibandiko peke yake hakitoshi, kwa sababu mchimbaji naye anakula jamu, na akimaliza anaweza kuitilia kitu kingine. Kwa hiyo vitu viwili lazima viende pamoja: kibandiko, na kumjua mtu aliyeimaliza. Chupa kumi na nne, za muuza chipsi wa stendi, Jumanne. Naandika kwenye daftari. Ni mstari mmoja, unachukua sekunde.

Ukiwa na mtaji na oda kubwa, nunua mpya kwa jumla. Chupa za kioo zinatengenezwa hapahapa nchini, Kioo Limited ya Dar es Salaam wapo miaka mingi, na kuna wauza vifungashio Mwanza. Bei inapanda, lakini zote zinakuwa za saizi moja, na muuza asali anayetaka kuingia supamaketi anazihitaji hivyo.

Kuosha si kazi ngumu. Loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, kibandiko kinatoka chenyewe. Ile gundi inayobaki inanata, watu wanaikwangua kwa kisu mpaka kioo kinachubuka. Chukua mafuta ya kupikia kijiko kimoja, baking soda kijiko kimoja, changanya, paka, subiri dakika kumi, sugua kwa kitambaa, suuza. Kama chupa itawekewa chakula, ichemshe, lakini iweke kwenye maji ya baridi ndipo uwashe moto, vipate joto pamoja. Chupa baridi ukiitumbukiza kwenye maji yanayochemka inapasuka. Kifuniko kikiwa na kutu, tupa. Kikiwa na harufu ya mayonezi, anika juani siku mbili.

Kupamba sasa. Hapa kila mtu ana mkono wake, nitasema machache tu ambayo naona watu wanapoteza hela.

Katani: anzia kwenye kitako, weka gundi nyeupe ya mbao mstari mwembamba, zungusha ukivuta, kila mzunguko ukae bega kwa bega na mwenzake. Usiifunike chupa yote. Vaa chini vidole vitatu, vaa shingoni, katikati acha kioo wazi. Asali inajiuza kwa rangi yake, unaificha ya nini?

Kitenge: nenda kwa fundi jioni, vipande vya sakafuni anakupa gunia zima kwa buku au buku mbili. Piga pasi kwanza. Gundi ichanganye na maji kidogo iwe kama uji mwepesi, paka kwenye kioo, laza kitambaa, paka tena juu. Ikikauka haionekani.

Shanga na vioo: gundi ya fimbo, ile inayoyeyushwa kwa umeme, ni rahisi na ya haraka, lakini haishiki vizuri kwenye kioo laini. Ukipanga bidhaa gulioni kuanzia saa tatu, saa saba jua la Shinyanga limeshailainisha, shanga zinadondoka mbele ya mteja. Tumia gundi ya tyubu mbili zinazochanganywa. Inachelewa kukauka, ila inashika.

Rangi: pangusa chupa kwa spiriti kwanza, ikishaguswa na mikono yenye mafuta rangi haishiki. Rangi ya maji ukiichanganya na gundi nyeupe inakaa vizuri zaidi. Paka nje tu, kamwe si ndani, na acha vidole viwili chini ya mdomo bila rangi, maana pale ndipo mtu anapoweka mdomo na kijiko. Rangi za mafuta nyingine zina madini ya risasi, nayo ni sumu. Na jamani, rangi ya dhahabu. Geita kila kitu tunapaka rangi ya dhahabu, mpaka mawe ya getini. Binafsi naiepuka. Chupa iliyopakwa yote huwezi kuona ndani kuna nini, na mteja ana haki ya kuona.

Kuna ya nafaka, ya tabaka: dengu, choroko, mchele wa Kahama, maharage mekundu, unapanga kwa mistari, inakaa jikoni kama pambo. Vifaa vyote vimetoka shambani kwetu, na watalii wa Mwanza wanaipenda. Shida ni wadudu. Choroko inaweza kuwa na mayai ndani, baada ya mwezi chupa inatembea yenyewe. Zianike juani siku kadhaa kabla ya kupanga, funga kifuniko vizuri, na umwambie mteja ni pambo, asije akapika.

Chupa yenye katani, lesi au kitenge usimuuzie mtu kuwekea mshumaa. Inashika moto. Kuna taa ndogo za betri madukani, bei ndogo, mpe hizo.

Tufanye hesabu, ndiyo sababu mko hapa. Chukua chupa 20, kwa bei zangu mimi. Chupa kwa 250, jumla 5,000. Kamba ya katani 4,000. Gundi 3,500. Kitenge 1,500. Sabuni, mafuta, baking soda na mkaa 2,000. Vikaratasi vya kuandika 1,000. Jumla 17,000. Sasa muda wako, ambao wengi hamuuhesabu: nusu saa kwa kila chupa ni saa 10, jilipe angalau 10,000. Imekuwa 27,000. Mbili weka zitavunjika, iwe kwenye kuosha au kwenye bodaboda. Zimebaki 18, kila moja imekugharimu 1,500. Ukimuuzia muuza asali kwa jumla 2,500, unabaki na 1,000 kwa kila chupa, yaani 18,000 juu ya ile 10,000 uliyojilipa. Rejareja kwenye msimu wa harusi naenda hadi 4,000.

Kwa hesabu hiyo huhitaji mkopo. Ukiona mtu anakopa laki tano kuanza kupamba chupa, mzuie.

Sasa rudi kwenye ile chupa ya mwaloni ya mia. Umeokoa 150 kwa kila chupa. Kwa chupa 20 ni shilingi 3,000. Elfu tatu! Hiyo ndiyo tofauti yote iliyopo kati yangu na yule mama. Nauli ya bodaboda mara mbili. Mimi nikiiangalia hiyo elfu tatu na nikimfikiria mtoto anayekula uji wenye samli ile, sioni mjadala uko wapi.

Tena asili ya chupa inauza. Kwenye kikaratasi changu naandika kwa mkono: "Chupa hii ilikuwa ya mayonezi, imetoka kwa muuza chipsi, Kahama mjini." Mwanzoni watu walicheka. Mmoja akaniuliza kama naandika wasifu wa chupa. Lakini mama mmoja mwenye lodge alikisoma, akasoma tena, akaniuliza kwa nini naandika hivyo. Nikamweleza. Akaagiza 40, na akasema hataki za mtu mwingine. Huku kwetu mteja anaijua zebaki kuliko anavyokwambia. Kaka yake anachoma, shemeji yake ana karasha. Anakaa kimya tu kwa sababu hakuna muuzaji aliyewahi kumjibu kabla hajauliza.

Juzi yule mayu alinipigia. Sijui namba aliipata kwa nani. Hakuomba radhi na sikuitaka. Aliuliza tu, "Sasa hizi nilizobaki nazo nizitupe wapi?"

Ni swali zuri, na wengine huenda mnalo uani hivi sasa. Usizitupe jalalani, kesho mwingine ataziokota. Usizivunje. Usizioshe tena, na maji usiyamwage karibu na kisima au bustani. Usizichome na takataka. Zifunge vifuniko, ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo hiyo ikae nje penye kivuli mbali na watoto, andika SUMU kwa maandishi makubwa. Kisha nenda kwa afisa afya wa kata au afisa mazingira wa halmashauri, mwambie ulichonacho na zimetoka wapi. Wakisuasua, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wana ofisi ya Kanda ya Ziwa pale Mwanza, kemikali ndiyo kazi yao. Nawa mikono vizuri, na sufuria uliyochemshia uitoe jikoni moja kwa moja.

Mayu alibaki na chupa 11. Kiroba kilikuwa na zaidi ya 30. Kwa hiyo kama miezi hii ulinunua gulioni chupa ya kahawia, nene, imepakwa rangi ya dhahabu na kufungwa utepe mwekundu, toa kilichomo, usikile, usimpe kuku wala mbwa, na chupa ifunge uiweke nje. Mshirikishe jirani ujumbe huu, hasa kama hayupo kwenye simu.